Aliyetaka Ghala Liwe Mbali na Watu

Tarehe 30 Septemba mwaka huu, Dk. Spiridon Kalchev atakabidhi ufunguo wake wa mlango wa nyuma na kustaafu rasmi, baada ya kuitumikia kampuni yetu ya michezo ya kompyuta hapa Plovdiv kwa miaka ishirini na mmoja. Kwa muda wote huo cheo chake kilikuwa Msimamizi wa Uhalisia. Cheo hicho hakikuwapo kabla yake, hakijawahi kuwa na naibu, na uongozi umetangaza kwamba hakitajazwa, kwa sababu ambazo wote waliowahi kukaa naye kikaoni wanazielewa. Mimi, Iskra Toneva wa chumba cha sauti, nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake. Nitakapokosea atanisahihisha mwenyewe kwa kalamu nyekundu, kama alivyozoea.

Watu wengi huingia kazini kwa kuomba. Bai Spiro, kama tunavyomwita sote kwa heshima ya umri wake, aliingia kwa kulalamika. Alikuwa amemnunulia mpwa wake mchezo wetu wa kwanza, ule wa kujenga himaya angani na kupigana na majirani. Jumapili alikaa nyuma ya kiti cha mpwa akitazama. Jumatatu alipanda ngazi za jengo letu, lililokuwa ghala la tumbaku zamani, akamkuta mkurugenzi, Nevena Sarafova, akila banitsa, ule mkate wetu wa jibini, juu ya kibodi.

"Ni nani hapa anayeweka maada kinzani kwenye mapipa?" aliuliza.

Nevena alimweleza kwa upole kwamba yale mapipa ni picha tu, na kwamba wachezaji wanayapenda.

"Hata mimi ningeyapenda," alisema bai Spiro. "Kwa sehemu ndogo sana ya sekunde."

Kwa wageni wa sherehe wasiocheza michezo yetu, niseme kidogo. Maada kinzani ni pacha wa maada ya kawaida, ila ni pacha mwenye kinyongo: wakigusana, wote wawili wanatoweka na kubaki nishati tupu. Huwezi kuiweka kwenye pipa, wala chupa, wala sanduku la aina yoyote, kwa kuwa pipa lenyewe ni maada. Sharti ielee mahali pasipo na hewa, ikiwa imeganda kwa baridi, imeshikiliwa na sumaku isiguse ukuta. Umeme wa sumaku ukikatika, habari imekwisha. Gramu moja tu inatosha kuufuta mji. Sisi tulikuwa tumeipanga kwa mapipa bandarini, karibu na soko la samaki, na ikipigwa ilitoa moto wa buluu na moshi mzuri.

Bai Spiro alitoa mfukoni karatasi yenye hesabu. Kwa mujibu wake, rundo moja la mapipa yetu lingeondoa Bulgaria nzima na sehemu kubwa ya Rumania, ambayo haikuwa imemkosea mtu. Nevena alimmiminia kahawa, kisha akampa kazi. Baadaye alituambia kwamba alifanya hivyo ili anyamaze. Lengo hilo halikufikiwa.

Alizaliwa Dolni Kamen, kijiji chenye kituo cha reli, kiwanda cha kusindika mboga na kanisa. Alisoma fizikia Sofia hadi udaktari, akafanya kazi kwenye maabara ya sumaku na ombwe mpaka maabara ilipofungwa kwa kukosa fedha za kuipasha joto. Baada ya hapo alifundisha sekondari, na jioni alitengeneza majokofu ya majirani. Anasema majokofu yalimfunza subira kuliko wanafunzi, kwa sababu jokofu likikosa kuelewa halijifanyi limeelewa.

Walioajiriwa hivi karibuni hawamjui bai Spiro wa miaka ile. Alivaa fulana ileile ya sufi ya rangi ya kahawia majira yote ya baridi. Hakuwahi kutukana, hata siku seva ilipoungua. Alikuwa na swali moja kwa kila jambo: "Kwa kiasi gani?" Ukimwambia foleni ni kubwa, kwa kiasi gani? Ukimwambia mtoto amekua, kwa kiasi gani? Kwenye harusi yangu msimamizi aliponyanyua glasi ya rakia na kutangaza kwamba mapenzi yetu hayana kipimo, bai Spiro alionekana akihangaika kitini. Mume wangu alimwendea baadaye na kumwambia, "Bai Spiro, tumekadiria tu." Akatulia na kula keki.

Kila Agosti alileta nyanya za rangi ya waridi kutoka bustanini kwake na kuziacha juu ya meza zetu bila kusema neno. Asiyekuta nyanya mezani alijua kwamba amekosea hesabu mahali fulani, akaanza kutafuta.

Mimi na yeye tulianza vibaya. Kwa ajili ya mchezo wa pili nilirekodi mlipuko wa ghala ambao mpaka leo nauona kuwa kazi yangu bora. Nilikwenda kijijini kwa babu, tukalisukuma tangi la maji la chuma kutoka juu ya mkokoteni hadi kwenye shimo la mawe. Nilitumia wiki tatu kuupika ule mshindo. Bai Spiro alikuja, akavaa visikizio vya masikioni, akasikiliza hadi mwisho, akavivua taratibu kama mtu anayevua kofia msibani.

"Mzuri sana, binti yangu. Unatokea wapi?"

"Karibu na mwezi wa tatu wa sayari."

"Nje?"

"Nje."

"Kuna hewa huko?"

"Hakuna."

Alikaa pale akinipa nafasi ya kufikiri. Mlipuko wangu uliishia kwenye mchezo mwingine, kama mlango wa gereza, na mimi sikumsalimia bai Spiro kwa wiki nzima. Ilikuwa Agosti. Nyanya ziliendelea kuja.

Katika mchezo huo wa pili alirekebisha mizunguko ya miezi, akaondoa moshi katika vita vya angani, na akawazuia marubani wetu kugeuza meli kama baiskeli. Wachezaji wachache walinung'unika, wengi hawakugundua. Mtihani wenyewe ulikuja na mchezo wa tatu, *Taji la Nyota Saba*, ambao ndio unaotulipa mishahara hadi leo. Tulikaribia sana kuukosa.

Mbunifu mkuu wa mchezo huo alikuwa Lachezar Penkov, yaani Lacho, ambaye wote mnamfahamu kwa sauti. Lacho anaamini kwamba mchezo ni karamu na mchezaji ni mgeni. Bai Spiro aliamini kwamba mgeni anapaswa kuambiwa jiko liko wapi na gesi inafungwa vipi. Kwa mchezo wa tatu aliandika kanuni mpya ya maada kinzani, mara hii bila kulegeza: ghala linataka umeme muda wote, likikosa umeme au likipigwa, lote linakwenda, pamoja na kila kilichopo jirani.

"Bomu la kawaida ukilipiga jiwe, unabaki na bomu bovu," alitueleza kikaoni. "Lenyewe linakaa likingoja uliambie lilipuke. Hili linakaa likingoja uache kuliambia lisilipuke."

Lacho aliiandika sentensi hiyo ubaoni, akarudi nyuma hatua moja kuitazama.

"Ni nzuri," alisema. "Sasa raha iko wapi?"

"Mimi ni idara nyingine," alijibu bai Spiro.

Wajaribu wetu walianza kuucheza. Michezo yote iliisha kabla kahawa haijapoa. Adui alituma kimeli kimoja kidogo, kikagonga ghala moja, na mwezi mzima ukaondoka na watu wake. Mjaribu mmoja aliandika ripoti ya maneno matatu: "Nilijenga shule. Imeondoka." Lacho alizunguka ofisini na ripoti hiyo kama mtu anayetafuta hakimu.

"Bai Spiro, huyu kajenga shule!"

"Kaijenga wapi?"

"Sasa hilo ndilo swali la kumuuliza mtu aliyepoteza shule?"

Mwanzoni mwa Machi, sote tukiwa na nyuzi nyekundu na nyeupe mikononi, kama desturi yetu ya kuyakaribisha majira ya kuchipua, walikuja wasambazaji kutoka ng'ambo kuona kama watatuchukua. Kiongozi wao alikuwa mama wa makamo mwenye mkoba wa kijani, mtu wa maneno machache. Lacho aliketi mbele ya skrini kubwa kuwaonyesha. Alijenga mji mkuu mzuri sana, wenye bustani na bandari, na kwa mazoea yake ya siku zote akaliweka ghala la maada kinzani palepale bandarini, ili meli zijaze haraka. Alikuwa katikati ya kueleza kodi ya nafaka jiwe moja lililopotea angani lilipokata waya wa umeme.

Skrini ikawa nyeupe. Kisha ikawa nyeusi, na nyota chache. Hapakuwa na mshindo, kwa sababu mshindo nilishanyang'anywa. Lacho alisogeza kipanya huku na huku juu ya mahali palipokuwa na mji.

"Imeharibika?" aliuliza yule mama.

"Hapana," ilisikika sauti ya bai Spiro kutoka nyuma. "Imefanya kazi."

Wageni walikula chakula cha mchana, wakasifu mvinyo, wakaondoka. Siku ya pili walimpigia Nevena simu: kanuni ile iondolewe, la sivyo hawatauchukua mchezo. Bila wao, kampuni isingefika majira ya joto. Hilo lilijulikana ofisini hata kabla Nevena hajaweka simu chini, maana kuta zetu ni za mbao.

Mchana ule jikoni tulikuwa wanne: Nevena, Lacho, bai Spiro na mimi. Kulikuwa na supu ya maharage.

"Bai Spiro," alianza Nevena, "naomba uiondoe hiyo kanuni. Leo naomba. Kesho nitalazimika kuamuru."

"Basi nitaacha kazi leo," alisema bai Spiro, "ili kesho usipate taabu."

Alisema kama mtu anayejitolea kuosha vyombo. Nevena akaweka kijiko chini. Lacho, ambaye alikuwa hajalala vizuri, akapandisha sauti.

"Kwa ajili ya nini? Niambie kwa ajili ya nini! Ni mchezo, bai Spiro. Hafi mtu pale. Watu arobaini hapa wana watoto, wana mikopo ya nyumba, na wewe unalinda kitu ambacho duniani kote hakijafika hata uzito wa punje ya chumvi!"

"Hata punje ni nyingi," alisema bai Spiro. "Umetia chumvi."

Hakuna aliyecheka, na yeye hakuwa anatania. Alikata mkate, akautazama. Kisha akatusimulia jambo ambalo katika miaka yote ile hatukuwahi kulisikia. Ameniruhusu niliandike hapa, kwa sharti nisiongeze kitu.

Pale Dolni Kamen palikuwa na ghala la makombora. Lilijengwa ubavuni mwa kiwanda cha mboga, kwa sababu reli iliishia hapo, na mabehewa yaliyoleta makombora ndiyo yaliyoondoka na makopo. Dada yake mkubwa, Zlatka, alifanya kazi kiwandani. Mama yao alikuwa mwoga. Siku moja alikwenda kumuuliza mlinzi wa ghala kama kweli ni salama. Mlinzi alikuwa mtu mwema, hakumcheka. Alimchukua mpaka mlangoni akamwonyesha kufuli.

"Lilikuwa kufuli zuri," alisema bai Spiro. "Baadaye lilipatikana kwenye shamba la mtu, zima kabisa, bado limefungwa."

Ilikuwa Septemba, msimu wa pilipili hoho, kiwanda kikiwa na zamu zote. Yeye alikuwa Sofia, mwaka wa pili chuoni. Aliporudi kijijini alipita nyumbani kwao mara mbili bila kupatambua. Zlatka hakupatikana. Uchunguzi ulisema kwamba taratibu zote zilikuwa zimefuatwa: milango ilifungwa, walinzi walikuwapo, hakuna mwizi aliyeingia.

"Walijilinda dhidi ya wezi," alisema. "Hakuna aliyeuliza umbali."

Supu ilikuwa inapoa. Nilidhani Lacho ataomba radhi, maana ndivyo mtu angefanya. Badala yake aliuliza swali.

"Ulikuwa umbali gani?"

"Kutoka kiwandani hadi ghala? Mita mia mbili. Wasichana walikuwa wakienda kula chakula cha mchana kwenye kivuli cha ukuta wake."

"Na wangeliweka wapi?"

"Nyuma ya kilima. Kulikuwa na kilima. Reli haikufika huko."

Lacho alifikiri. "Mimi ningeliweka kwenye reli," alisema.

"Najua. Uliliweka juzi."

"Kila mtu angeliweka kwenye reli."

"Ndiyo," alisema bai Spiro. "Kila mtu."

Hapo ndipo Lacho aliposema maneno ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo yaliyoiokoa kampuni, na nayaweka hapa ili asije akasahaulika kwa kuwa leo ni siku ya mwenzake. Alisema: "Basi ubaya wa kanuni yako si ukali wake. Ubaya wake ni kwamba mchezaji haoni kilima. Unamwadhibu mtu kwa kutochagua kitu ambacho hukumwonyesha."

Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kumwona bai Spiro akitoa kalamu nyekundu na kujisahihisha mwenyewe. Alitandaza karatasi ya kanuni juu ya meza, kando ya supu, akapiga mstari ukurasa wa kwanza wote.

"Nilihesabu nishati," alisema. "Jirani sikumhesabu."

Nevena aliwapigia tena wasambazaji, akaomba tupewe nafasi moja zaidi baada ya Pasaka. Hatukuambiwa alisema nini, tulisikia tu mara tatu, kupitia ukuta, neno "kilima."

Wiki zilizofuata, wawili hao walikaa meza moja wakigombana kwa faida. Kanuni ya mlipuko haikuguswa hata nukta moja. Kilichobadilika ni kila kitu kilichoizunguka. Sasa mchezaji alichagua mahali pa ghala kabla ya yote. Ukiliweka bandarini, meli zako zinajaa upesi na vita unashinda. Ukilipeleka mbali, nyuma ya mwezi mtupu, unalala salama lakini meli zako zinachelewa kila mara, na adui anakucheka. Unaweza kuligawa vipande vidogo vidogo, ukalipia walinzi na umeme wa akiba. Na watu wa jirani wanaweza kuja kukuuliza kama ni salama. Sehemu hiyo aliiandika bai Spiro. Jibu moja kati ya yale unayoweza kuwapa ni kuwaonyesha kufuli. Wanaondoka wameridhika.

Ilibaki sauti. Lacho alinijia akiwa na aibu kidogo.

"Iskra, mlipuko hauna mshindo, tumekubaliana. Lakini ukiwa hauna kitu kabisa, mtu anadhani kompyuta imezima. Yule mama alidhani hivyo."

Nilimwambia aniachie. Nilichukua kipaza sauti, nikakiweka jikoni karibu na bakuli la sukari, nikawaomba wafanyakazi waingie mmoja mmoja wazungumze mambo ya kawaida, kana kwamba wako nyumbani na redio ya mawasiliano iko wazi. Mtu wa hesabu alilalamikia mkwe wake. Nevena alitafuta miwani aliyokuwa ameivaa. Lacho alimwimbia mtoto wake na kusahau maneno katikati. Mpango wangu ulikuwa rahisi: mchezaji azisikie sauti hizi kwa mbali, kila mji na zake, wakati wote anapojenga. Ghala likilipuka, sauti za mji huo zikatike pale zilipofika, hata kama ni katikati ya neno. Basi. Pasiongezwe kitu.

Bai Spiro aliingia wa mwisho. Aliuliza azungumze nini. Nikamwambia chochote. Akakitazama kipaza sauti, kisha akaanza, kwa sauti ya chini, ya mtu aliyesimama karibu na moto:

"Zlatka, usizitoe bado hizo hoho. Ngozi haijaachia. Zigeuze upande huu... hivyo. Mama anauliza kama utakuwepo Jumapili. Mimi nimemwambia utakuwepo. Utakuwepo?"

Akasubiri kidogo, kama mtu anayesikiliza jibu, kisha akaendelea na hoho. Sikuikata sentensi hata moja. Nilipomaliza kurekodi aliuliza kama sauti imetoka vizuri. Nikamwambia imetoka. Akaenda kuosha kikombe chake.

Wasambazaji walirudi baada ya Pasaka. Mara hii yule mama mwenye mkoba wa kijani hakutaka kuonyeshwa; alitaka kucheza mwenyewe. Alikuwa hodari, kuliko Lacho kwa kweli. Alijenga mji, akasikiliza sauti kwa mbali huku akisoma tafsiri chini ya skrini, akatabasamu ilipofika sehemu ya miwani ya Nevena. Majirani walipokuja kumuuliza kuhusu ghala, aliwaonyesha kufuli. Alikuwa na haraka ya kushinda vita, na alikuwa anashinda.

Ghala lilikwenda bai Spiro akiwa anauliza kuhusu Jumapili.

Yule mama hakuuliza kama imeharibika. Aliangalia mahali pale palipokuwa na mji, akapabofya, akapabofya tena.

"Yule mtu wa hoho yuko wapi?" aliuliza.

"Hayupo," alisema Lacho.

"Na huyo Zlatka?"

Lacho alimtazama bai Spiro, aliyekuwa amesimama karibu na dirisha. Bai Spiro ndiye aliyejibu. "Hayupo pia," alisema.

Mama yule alianza mchezo upya tangu mwanzo, tukiwa wote tumesimama nyuma yake, na ghala akalipeleka nyuma ya mwezi mtupu. Alishindwa vita ile. Mkataba aliutia saini kabla ya chakula cha mchana.

Mengine mnayajua. *Taji la Nyota Saba* lilipendwa kuliko tulivyostahili. Mwanzoni vijana wengi walilipua miezi kwa kujifurahisha, wakabuni meli za kujitoa mhanga zilizojaa maada kinzani, jambo lililomnyima bai Spiro usingizi, kwa sababu kwa upande wa fizikia walikuwa sahihi kabisa. Alitaka kuwaandikia kila mmoja. Nevena alimkataza. Ila baada ya miezi michache jambo lilibadilika lenyewe. Wachezaji walianza kushindana nani anaweza kumaliza mchezo bila kupoteza sauti hata moja. Wapo waliofanikiwa. Wanazungumza kuhusu "mzee wa hoho" kana kwamba ni mjomba wao wa Burgas, na wanamficha mbali na bandari.

Katika miaka iliyofuata bai Spiro alisimamia uhalisia wa michezo mingine minne, akaandaa mafunzo ya moto kazini ambayo yalikuwa marefu kuliko moto wowote, na akahamisha mitungi ya gesi ya jikoni hadi mwisho wa ua, nyuma ya ukuta, ambako tunaifuata hata wakati wa theluji. Hakuna anayelalamika.

Jambo moja lilibaki. Wiki iliyopita Nevena alimuuliza anataka zawadi gani ya kustaafu. Tulikuwa tumejiandaa kwa saa ya mkononi. Bai Spiro alifikiri, akasema angependa kucheza *Taji la Nyota Saba*, maana hajawahi. Tulidhani hatukumsikia vizuri. Miaka yote hiyo alikuwa ameisoma kanuni, ameipima, ameitetea, lakini mchezo wenyewe hakuwahi kuugusa.

Ijumaa mchana tulimkalisha mbele ya skrini kubwa. Lacho alimwekea ngazi ya chini kabisa, ile ya watoto, ambayo hakuna mtu mzima aliyewahi kushindwa. Bai Spiro alivaa miwani, akajenga miji mitatu midogo, akapanda ngano. Ghala la maada kinzani alilipeleka nyuma ya mwezi mtupu. Akaangalia. Akalisogeza hadi mwezi uliofuata. Akaangalia tena, akalisogeza hadi ukingo wa ramani, mahali ambapo hata Lacho hakujua kwamba panajengeka.

"Bai Spiro, meli zako hazitafika," alisema Lacho.

"Kwa kiasi gani?"

"Hazitafika kabisa."

Hazikufika. Adui wa ngazi ya watoto alikuja polepole, akamchukulia mji wa kwanza, wa pili, wa tatu. Watu wa miji hiyo walibadilishiwa bendera, wakaendelea kuzungumza kuhusu wakwe zao na miwani yao. Skrini iliandika kwamba himaya yake imekwisha.

"Umeshindwa, bai Spiro," alisema Lacho.

"Nimeona. Nimepoteza watu wangapi?"

Lacho alifungua hesabu za mwisho wa mchezo, akazisoma mara mbili.

"Hakuna," alisema.

Bai Spiro alivua miwani, akaifuta kwa fulana yake, akaomba acheze tena.

Dk. Spiridon Kalchev, sisi wenzako tunakushukuru kwa miaka ishirini na mmoja ya kutuuliza maswali tuliyokuwa tukiyakwepa. Nenda nyumbani kwa amani. Tunakuombea afya, bustani yenye mavuno na siku nyingi za kupumzika, na ukitaka kujua ni ngapi, hatukuweka kikomo.